Kwenye Fomu ya Serikali, Mke Wangu ni Mjane

Tarehe 9 mwezi wa tatu. Leo nina miaka kumi na moja na miezi minne tangu nitoke nyumbani.

Mama Mshauri, nakuomba unisome mpaka mwisho hata kama maneno yangu yanapishana, shule niliachia kidato cha pili na vidole vyangu vimezoea koleo kuliko kalamu. Mimi ni mfunga nondo. Tunalala wanaume wanane chumba kimoja, vitanda vya juu na chini, na safu yako tunaisoma kwenye simu ya mpaka rangi mmoja, yeye anasoma kwa sauti na sisi tunabishana nani mkosaji, na karibu kila mara mkosaji anakuwa mwanamke kwa sababu hayupo chumbani kujitetea. Leo ni mapumziko, wenzangu wameteremka kufua, nami nimebaki niandike peke yangu, maana wakijua barua hii ni yangu watanicheka mpaka mkataba uishe.

Shida yangu ni mke wangu. Nilipomwoa alikuwa karani wa masjala katika wizara moja, kazi yake kusukuma kigari cha majalada kutoka chumba hadi chumba na kujua kila karatasi imelala wapi, alikuwa anarudi nyumbani vidole vimepauka vumbi, ananiambia jalada la mkubwa fulani lina kurasa mia mbili na mwenyewe hajui hata nusu ya yaliyoandikwa mle. Tulikuwa tunacheka. Akaanza masomo ya jioni, mimi nikawa nabaki na binti yetu, namlisha na kumlaza, na siku ya usaili wake wa kwanza kisigino cha kiatu kiling'oka palepale mlangoni, na viatu vya kutokea ndivyo hivyo hivyo, nikakikaza kwa waya wa kufungia nondo, nikapaka rangi ya viatu juu yake, akaenda anachechemea kidogo na kazi akaipata, afisa utumishi msaidizi.

Nilipoondoka kuja huku alikuwa bado msaidizi. Mimi nimebaki mfunga nondo, yeye amepanda, akawa afisa utumishi kamili, akawa mkuu wa kitengo, na sasa ni mkurugenzi wa utumishi wa wizara nzima, watu elfu sita, yeye ndiye anayeandika nani ahame, nani apande cheo na nani apewe barua ya kwenda kupumzika. Nasikia watu wazima wenye mvi wanajibana ukutani koridoni ili apite. Na sasa amependekezwa achukuliwe juu zaidi, kwenye ofisi inayosimamia watumishi wa serikali yote, baada ya wiki tano atakaa mbele ya jopo, na kabla ya hapo kuna watu watapekua maisha yake tangu alipozaliwa.

Tunaongea kila Ijumaa. Siku hizi anaongea na mimi kiofisi. Nikimwambia bomba la jikoni lizibwe anajibu, nimelipokea, nitalifanyia kazi. Nikimwambia nimemkumbuka anasema vizuri. Akiwa na wageni haniwashii picha, ananiambia mtandao unasumbua, lakini binti yetu akinipigia kutoka nyumba hiyohiyo mtandao haumsumbui. Mambo hayo nilikuwa nayameza.

Mwezi wa kwanza simu yake ilizimwa siku mbili, nikapata wasiwasi, nikatafuta namba ya ofisini kwake. Akapokea katibu muhtasi, msichana mwenye sauti ya upole. Nikasema naomba mkurugenzi, akauliza nani anaongea, nikasema mume wake. Akanijibu kwa adabu.

"Mzee wangu," akaniambia, "mkurugenzi ni mjane. Kama una shida ya uhamisho andika barua uilete masjala, usipitie njia hii."

Nilikuwa ghorofa ya nne, mkanda wa usalama umenibana kiunoni, na huyu mtoto wa watu ananiambia nimekufa. Nikakata simu. Ijumaa mke wangu akapiga kama kawaida, akasema simu iliingia maji, nami nikamsikiliza kama ninavyomsikiliza fundi anayesema saruji imeisha wakati naiona. Sikumwambia neno.

Nikamtafuta mtu anayeijua ofisi ile, karani wa masjala waliyeanza naye kazi tangu enzi za kigari, tulikuwa tunamwita Miwani. Huyu Miwani hayuko tena kazini, mwaka jana mke wangu alimpa barua ya kuacha kazi kwa sababu cheti chake cha shule kiligundulika ni cha binamu yake. Nilipojitambulisha alicheka mpaka akakohoa.

"Shemeji," akasema, "hongera kwa kufufuka."

Kesho yake akanitumia picha ya fomu ya mke wangu, ile ya taarifa za mtumishi, sijui aliipiga lini. Pale kwenye hali ya ndoa kuna visanduku vinne, na alama ya vema imewekwa kwenye kisanduku cha mjane, na palipoandikwa jina la mwenzi amepiga mstari. Mwandiko ni wake. Anaandika herufi ya j kama ndoano, hakuna mwingine anayeiandika hivyo. Muhuri ni wa mwezi wa nane, mwaka wa nne tangu nije huku. Miwani akanieleza kwamba mwaka uliofuata maafisa wengi walihamishwa vituo vya mbali, na wajane wenye watoto wakaachwa makao makuu, ndipo mke wangu akabaki karibu na wakubwa na kuanza kupanda. Kaburi lako ndilo ngazi yake, akaniambia. Akaongeza kwamba dereva wake anambebea mkoba mpaka sebuleni, na kwamba mimi ni mtu mzima nitajua mwenyewe maana yake.

Sasa Miwani anataka kitu kimoja. Anataka nipigwe picha nimeshika gazeti la siku hiyo, uso uonekane vizuri, mengine nimwachie yeye, ataifikisha kwa wale wanaopekua. Anasema mwanamke huyu amewatoa kazini watu mia moja na kumi kwa karatasi za uongo na ya kwake ameikalia. Hapo hajakosea. Picha nimeshapiga. Mpaka rangi ndiye aliyenipiga, nikamdanganya ni ya kumtumia mama. Iko kwenye simu, bado kubonyeza tu.

Nimekaa nikakusanya mambo yote ya nyuma na nikaona nilikuwa mjinga siku nyingi. Kwanza nguo zangu. Zote alizigawa, mdogo wangu anavaa koti langu mpaka leo, nimeliona kwenye picha, nikajiambia nguo ni nguo. Pili, kuna wakati nilikaa kimya muda mrefu, na nilipompigia tena, badala ya kufurahi alinihoji kama polisi. Sikusahau. Aliniuliza, kiatu changu cha usaili kilishonwa na nini, nikasema hakikushonwa, kilikazwa kwa waya wa nondo, basi akaweka simu chini bila kuikata, nikasikia bomba limefunguliwa, maji yanatiririka karibu dakika kumi, amekwenda kuosha vyombo mimi niko hewani nchi ya watu. Mdogo wangu nilipomlalamikia aliniambia, kaka, mengine usiulize, tushukuru tu. Nikajua wanajua jambo na wananificha.

Kuhusu kule kukaa kimya nitasema ukweli kwa sababu nimesema nitakuwa wazi, ingawa halihusiki. Mwaka uleule wa nne, mwezi wa nne, jukwaa lilianguka kwenye jengo tulilokuwa tunajenga, watu wanne wakafa. Mimi ilikuwa zamu yangu ya asubuhi, jina langu lilikuwa namba saba kwenye orodha ya msimamizi, lakini niliamka jino linauma shavu limevimba, na mwenzangu tuliyetoka naye kwetu, tulikuwa tunamwita Mrefu, akasema lala, nitapanda mimi, wewe utashika zamu yangu ya mchana. Tulikuwa tunabadilishana hivyo siku zote bila kumwambia msimamizi, wote walikuwa wanafanya. Mrefu akapanda. Wakawazika hukuhuku haraka, hata sikuona. Nikaogopa kuulizwa kwa nini sikuwa juu, nikabeba begi nikaondoka mchana uleule, nikafanya kazi mji mwingine bila vibali miezi kumi na minne, simu nikaiuza. Nilikuwa najiuliza nitapigaje nyumbani nicheke na watu wangu wakati Mrefu yuko chini kwa ajili ya jino langu. Basi ndiyo hivyo. Nikitaka kujua wanawake walivyo, nawasikiliza tu hao tuliowaacha kwetu, hata mke wa Mrefu nasikia mpaka leo anawaambia watu mumewe amekimbia na mwanamke wa huku. Hawana shukrani.

Mama Mshauri, nimechoka. Nibonyeze picha iende, au nimwulize mke wangu ana kwa ana? Namwogopa, si kwa ngumi, namwogopa atanijibu kwamba amelipokea na atalifanyia kazi. Na kama kuna mwanaume, naomba uniambie mapema. Miwani amenipa mpaka Jumatatu ijayo.

Mkataba wangu unaisha tarehe 28 mwezi wa sita, na nategemea kuwa mlangoni kwangu tarehe 2 mwezi wa saba, kama mlango bado ni wangu.

Mfunga nondo


MAJIBU

Mfunga nondo, barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilimkasirikia mkeo. Mara ya pili nikamkasirikia Miwani. Mara ya tatu nikachukua kalamu, nikaziandika tarehe zako pembeni, na hasira yote ikahamia kwako.

Pole kwanza. Kuambiwa umekufa na katibu muhtasi, tena kwa adabu, ukiwa umening'inia ghorofa ya nne, ni jambo la kumtoa mtu jasho. Ila hebu tazama ulichoniandikia. Jukwaa lilianguka mwezi wa nne. Fomu ina muhuri wa mwezi wa nane, mwaka huohuo. Tarehe zote mbili umeziandika kwa mkono wako, halafu ukapita katikati yake kama mtu anayeruka dimbwi, ukasema halihusiki. Jina lako lilikuwa namba saba. Marehemu walizikwa haraka. Msimamizi alikuwa na orodha mkononi, na wewe ulikuwa umebeba begi, uko njiani. Unadhani taarifa iliyofika nyumbani kwako ilikuwa na jina la nani?

Sasa rudi kwenye ushahidi wako. Nguo za mtu aliye hai hazigawiwi. Za aliyekufa hugawiwa, na anayepewa kwanza huwa ni mdogo wake. Mdogo wako alikwambia usiulize kwa sababu watu hawana ujasiri wa kumwambia mtu anayepumua kwamba walishamlilia. Na lile swali la kiatu, ndugu yangu, hilo lilinifanya niweke barua chini. Mkeo alipokea simu akasikia sauti ya mtu aliyemlilia mwaka mzima. Kitu cha kwanza kilichomjia ni kwamba kuna tapeli. Yeye ni mtu wa mafaili, anajua kila kinachoandikwa huweza kuibwa kikasomwa, kwa hiyo akatafuta swali ambalo jibu lake haliko kwenye jalada lolote. Ukamjibu waya wa nondo. Akafungua bomba. Wewe miaka yote hii unaamini alikwenda kuosha vyombo.

Sikuwepo, nakisia kutokana na maneno yako. Lakini ungekuwa chumbani na wenzako saba mkaisoma barua hii ya mtu mwingine, nina hakika hata mpaka rangi angeliona.

Simsafishi mkeo. Siku ulipopiga simu ile ulikuwa hai, na kesho yake asubuhi alikwenda kazini. Ni karibu miaka saba. Masahihisho ya fomu ile ni barua ya mistari minne na yeye ndiye anayewafundisha wengine kuiandika. Mwanzoni kisanduku kile kilijazwa na mtu mwenye msiba. Baadaye kikawa na faida, vituo vya mbali vikampita. Baadaye tena kikawa hatari, maana kila mwaka aliokaa kimya ulifanya kukisahihisha kuwe kugumu zaidi. Hivyo ndivyo ninavyoona, na ninaweza kukosea. Hapo shaka yako ni ya haki, baki nayo mpaka ajibu mwenyewe. Mwanamke aliyewatoa watu mia moja na kumi kwa karatasi za uongo alikuwa anajua ya kwake iko kabati gani.

Kuhusu dereva, dereva hubeba mkoba. Usinipotezee wino.

Kuhusu Miwani, huyu ameipiga picha karatasi ya siri akiwa bado anakula mshahara wa kuitunza, akaiweka, akasubiri. Hakukuita shemeji miaka kumi. Anataka uso wako na gazeti, kisha anataka umwachie mengine. Mengine hayo ni ndoa yako na binti yako, na yeye hayamhusu. Ifute picha hiyo sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma mstari huu. Kosa la mkeo lisemwe, ila lisisemwe kwa mkono wa mtu anayelipiza cheti cha binamu yake.

Sasa fanya hivi. Mpigie mkeo, usingoje Ijumaa. Usianze na nani analala kwako. Mwulize, siku ile uliyonihoji kuhusu kiatu, ulikuwa umeambiwa nini kuhusu mimi? Halafu nyamaza, hata akifungua bomba tena. Akimaliza mwambie kila kitu, katibu muhtasi, fomu, Miwani na ile picha uliyokuwa karibu kuituma. Mwambie wewe mwenyewe kuhusu jino na begi, kwa sababu naona hujawahi kumwambia. Alikulilia kwa sababu ulimwachia orodha ya msimamizi ndiyo aiamini, na miezi kumi na minne ni mingi mno kwa woga wa kuulizwa swali moja na msimamizi.

Kisha aandike barua kwa mkuu wake, wiki hii, kabla wapekuzi hawajafika kwenye jalada. Aandike alipewa taarifa ya kifo tarehe gani, alisikia sauti yako tarehe gani, na kwamba tangu hapo hakurekebisha. Asipambe. Anaweza kuikosa ile nafasi ya juu, anaweza kuikosa hata aliyonayo. Bora aikose kwa barua yake kuliko kwa gazeti lako. Na akikujibu amelipokea na atalifanyia kazi, mwambie hili halina masjala, mwisho ni Jumatatu.

Na wewe pia utaandika. Hili ndilo ulilolikimbia na begi lako, na nadhani unajua kwa nini. Utakwenda kwenye ofisi inayowasimamia wafanyakazi huko uliko, au kwenye ubalozi wa nchi yako, uandike tamko: jengo gani, tarehe gani, zamu gani, nani alikuwa na jina namba saba na nani hasa alipanda. Huwezi kujitoa kwenye orodha ile bila kumwingiza Mrefu. Alikuwa na zamu ya mchana na mchana hakutokea. Kwenye vitabu vya kampuni yule ni mtoro. Mkewe anasema amekimbia na mwanamke kwa sababu hakuna mtu aliyemwambia tofauti, na wewe uliyekuwa unajua umemwita asiye na shukrani kwenye barua yako kwangu.

Kwa hiyo nabadilisha mpangilio. Kabla ya mkeo, kabla ya ofisi yoyote, tafuta namba ya mke wa Mrefu. Usimpigie ukiwa juu ya jengo, keti chini. Mtajie siku na saa, mwambie mumewe alipanda badala yako kwa sababu jino lilikuwa linakuuma. Akikutukana, sikiliza mpaka amalize, usikate. Kisha mwambie tarehe 2 mwezi wa saba, kabla hujafika mlangoni kwako, utasimama kwanza mlangoni kwake.

Kisanduku kile alichoweka alama mkeo ni cha mwanamke huyo, na bado hajui.